Karatasi Yenye Muhuri

Hotuba mbele ya wasimamizi wa wadi, maofisa wa mawasiliano wa kaunti na wahudumu wa afya wa mitaani

Mheshimiwa mwenyekiti, wasimamizi wa wadi, machifu mliotuitikia, maofisa wenzangu wa mawasiliano, na nyinyi wahudumu wa afya wa mitaani mliokaa nyuma kabisa ilhali ndinyi niliotaka mkae mbele: hamjambo? Assalaam aleikum.

Nilipoalikwa niliulizwa kama nitahitaji skrini. Nimekuja na karatasi moja tu. Imo ndani ya bahasha hii, na nitaitoa baadaye. Nimekuja kuzungumzia jinsi tulivyowatangazia watu amri za wakati wa korona. Kwanza nianze na gari.

Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Wiki mbili baadaye, tarehe 27, kafyu ikaanza nchi nzima, kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Siku hizo nilikuwa afisa wa mawasiliano katika kaunti moja ya Pwani. Sitaitaja, kwa sababu niliyoyaona kule niliyasikia baadaye kwa wenzangu wa kaunti nyingi, na kwa sababu mengi ya makosa nitakayoyasimulia yalipita juu ya meza yangu mwenyewe kabla ya kutoka nje.

Tulikodi gari la vipaza sauti. Maneno ya kusomwa niliyaandika mimi, ukurasa mzima, na niliyapanga vizuri: ugonjwa ni upi, unaenea vipi, mtu afanye nini, apige simu wapi. Jioni ya pili nilikuwa nyumbani. Mamangu amekaa barazani anachambua mchele kwenye ungo, mimi nimesimama mlangoni, na gari letu likaingia mtaani. Kwa mara ya kwanza nikalisikiliza tangazo langu kama anavyolisikiliza mtu mwingine. Nilisikia "wananchi wote mna", kisha honi ya bodaboda. Nikasikia "kuanzia", kisha mlio wa gari lenyewe. Nikasikia "umbali wa". Halafu pale kwenye kona yetu pana tuta, dereva akapunguza mwendo, na maneno yaliyotufikia yote, wazi, bila kukatika, yalikuwa haya: "atachukuliwa hatua kali za kisheria." Gari likapanda tuta, likaenda zake.

Mamangu akainua uso kutoka kwenye ungo. Akaniuliza, "Kuna mtu kaiba?"

Sikulala vizuri usiku ule. Ripoti yetu ya kila siku ilikuwa ikihesabu kilomita. Tuliandika kwamba gari limezunguka wadi tatu, na tukaandika idadi ya wakazi wa wadi hizo kana kwamba wote wamesikia. Kumbe wadi tatu nzima zilikuwa zimesikia kitisho tu, na hata anayetishwa ni nani hazikujua.

Wazee wetu walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Msemo huu tunautaja kila siku na tunasahau kwamba mpiga mbiu alikuwa akitembea kwa miguu. Alifika mtaani akasimama. Akapiga mbiu yake, watu wakatoka, akasema lake, na mtu asiyesikia akamvuta kando akamuuliza. Hakuondoka na swali nyuma yake. Kesho yake nilimwomba dereva asitangaze akiwa mwendoni hata kidogo. Atafute mwembe, atafute bomba la maji, azime injini, asome mara mbili, kisha akae dakika kumi. Tulikuwa tukimaliza wadi nzima kabla ya adhuhuri, sasa tukawa na vituo vitano au sita kwa siku, na afisini walilalamika kwamba kilomita zimeshuka. Zilishuka kweli.

Sasa nije kwenye karatasi.

Amri ya kafyu ilikuja kutoka Nairobi kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza ilikuwa saa saba za jioni hadi saa tano za asubuhi. Sisi tulikuwa na haraka. Tulitaka bango litoke siku ileile, libandikwe sokoni, msikitini, kanisani, kwenye kituo cha matatu. Aliyelitafsiri alitafsiri maneno yote, akaziacha tarakimu kama zilivyo. Mimi nililisoma, nikalipitisha, kwa sababu jicho langu lilikuwa limeshazoea Kiingereza cha afisini na halikuona kitu. Likapigwa muhuri wa kaunti, likachapwa. Maandishi makubwa mekundu: KAFYU NI SAA 7 HADI SAA 5.

Mnacheka, na mna haki, maana kila mtu aliyezaliwa na lugha hii anajua saa saba ni saa ngapi. Saa saba jua limetoka utosini. Lakini ngojeni.

Watu wengi walilisoma bango lile na wakajua tumekosea, kwa sababu walikuwa wamesikia redioni. Kuna mama mmoja hakujua hivyo. Alikuwa akiuza viazi karai na bajia nje ya nyumba yake, karibu na soko dogo. Biashara yake ni ya alasiri: anaanza kumenya viazi baada ya adhuhuri, karai inapanda moto saa tisa, watoto wanatoka chuoni, watu wanarudi kazini, na hadi magharibi amemaliza. Alilisoma bango letu. Akafunga. Majirani walimwambia, "Bi, ni saa moja usiku, si saa saba." Akawajibu kwamba wao wanasema, lakini hii ya serikali ina muhuri.

Siku tisa. Siku tisa mama yule hakuwasha jiko. Nilipofika kwake, maana mhudumu wa afya wa mtaa ndiye aliyeniletea habari, nilimkuta amekaa kwenye kibao karibu na gunia la viazi lililoanza kuchipua. Nilimwamkia, "Shikamoo, mamangu." Akaniitikia, "Marahaba, mwanangu." Nikamweleza kwamba tulikosea, kwamba saa ile ni ya usiku, kwamba anaweza kuuza hadi magharibi. Alinitazama kitambo. Hakunigombeza. Aliuliza tu: "Basi mbona mlipiga muhuri?"

Ndugu zangu, mimi nimefanya kazi hii miaka mingi na nimelaumiwa na watu wakubwa, kwa sauti na kwa barua. Hakuna lawama iliyonikaa kifuani kama swali lile. Kati ya wote waliolisoma bango letu, aliyeumia ni yule aliyetuamini zaidi. Aliacha ushahidi wa majirani zake aliozaliwa nao, akashika karatasi yetu. Mkisikia maofisa wanalalamika kwamba wananchi hawasikii, hawaamini, ni wabishi, mkumbukeni mama huyu wa viazi karai.

Saa ndiyo iliyotusumbua tangu siku ya kwanza, na haikusumbua kaunti yetu peke yake. Mnakumbuka kivuko cha Likoni, Mombasa, tarehe 27 Machi. Watu waliofanya kazi kisiwani walikuwa wakikimbilia kuvuka kabla kafyu haijaanza, feri haziwezi kubeba umati uleule kwa sababu watu wanatakiwa kuachiana nafasi, foleni ikarefuka, na polisi wakawarushia gesi ya kutoa machozi na kuwapiga hali saa ya kafyu bado haijafika. Saa ya kuwa nyumbani kila mtu aliijua. Lakini mtu wa Likoni hafiki nyumbani kwa saa ya nyumbani, anafika kwa saa ya kutoka kazini na saa ya kupata chombo. Kila tangazo la kafyu lilipaswa kuzaa matangazo mengine mawili au matatu madogo, na hayo madogo ndiyo kazi ya watu wa mashinani kama nyinyi.

Hapo ndipo ninapotaka tukae leo. Tangazo la kufungia watu huandikwa na mtu aliye nje ya mlango, husomwa na mtu aliye ndani. Aliye nje anawaza mlango: ufungwe saa ngapi, nani asitoke, faini ni kiasi gani. Aliye ndani mlango ameshauona umefungwa. Yeye anawaza mtungi, dawa, maiti, kodi ya nyumba.

Nilikuwa na shangazi akikaa Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Jumatano tarehe 6 Mei 2020, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza kwamba kuanzia saa moja usiku siku hiyohiyo ni marufuku kuingia au kutoka Mji wa Kale, na Eastleigh kule Nairobi vilevile. Zilikuwa siku 15, zikaongezwa, hata ikafika mwanzoni mwa Juni. Tulikuwa katikati ya Ramadhani. Idi ya tarehe 24 Mei iliwakuta ndani. Mnaujua Mji wa Kale: vichochoro ambavyo watu wawili wakipishana mmoja hugeuka ubavu, nyumba za ghorofa zenye ukoo mzima ndani, ngazi moja, bomba moja, na mara nyingi bomba lenyewe halina maji, watu wanategemea visima na mkokoteni wa mitungi.

Shangazi alinipigia usiku uleule. "Mwanangu, wewe si mtu wa serikali? Hebu nieleze." Kisha akaniuliza maswali ambayo niliyaandika nyuma ya risiti ya duka, na risiti hiyo niliitunza miaka. Yule hamali wa maji hukaa ng'ambo, je, mkokoteni wake utaruhusiwa kupita? Yeye ana ugonjwa wa sukari na kliniki yake iko nje ya mpaka. Akitoka atarudishwa ndani, au itabidi alale nje? Mwanawe anafanya kazi bandarini, zamu ya usiku. Na mwisho, kwa sauti ya chini: akifa mtu humu ndani, ataoshwa na nani, na makaburini tutafika wangapi?

Sikuwa na jibu hata moja. Nilikuwa afisa wa kaunti nyingine, lakini si hilo lililoninyamazisha. Nilijua kwamba hata kwetu, kama tungefungiwa mtaa kesho, majibu hayo hatukuwa tumeyaandika popote. Tulikuwa na bango la faini. Tulikuwa na bango la barakoa: faini shilingi 20,000 au kifungo cha miezi 6. La mkokoteni wa maji hatukuwa nalo.

Wako watakaosema amri hizi zilikuwa za serikali ya kitaifa, kaunti iingie wapi. Fungueni Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Polisi na usalama ni wa serikali ya kitaifa, kweli. Lakini zahanati na vituo vya afya ni vya kaunti. Masoko ni ya kaunti. Kuzoa taka ni kwa kaunti. Makaburi ni ya kaunti. Maji ya nyumbani ni ya kaunti. Katika maswali ya shangazi, moja tu ndilo la polisi. Mlango ulifungwa kutoka Nairobi, na karibu kila kitu ambacho aliye ndani alikihitaji kilikuwa mikononi mwetu kukieleza. Tena Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ina sehemu nzima kuhusu mawasiliano na umma na haki ya mwananchi kupata habari. Kulieleza jambo ni wajibu wetu kisheria, sawa na kuzoa taka.

Nije kwenye neno moja lililoharibika mikononi mwetu: karantini.

Mwanzoni lilikuwa neno la afya. Mtu amekaribiana na mgonjwa, anakaa kando siku 14, anaangaliwa, anarudi kwao. Halafu mambo mawili yakatokea. La kwanza, watu waliopelekwa karantini walidaiwa malipo, na hata katika vituo vya bei ya chini ilifika shilingi 2,000 kwa siku. Pigeni hesabu wenyewe: siku 14 ni shilingi 28,000, kwa mtu ambaye kafyu imeshamfungia kibarua. La pili, mwezi wa Aprili, waliokamatwa wakivunja kafyu au bila barakoa walianza kupelekwa karantini. Yaani mtu aliyechelewa njiani akawekwa mahali pamoja na mtu anayeshukiwa kuwa na ugonjwa, na neno likawa lilelile kwa wote wawili.

Mtaani mtoto akikataa kulala aliambiwa, "Utapelekwa karantini." Neno la tiba likawa neno la jela. Halafu sisi tukatoka na meza zetu na hema zetu tukasema: njooni mpimwe bure. Watu hawakuja. Tukawaita wajinga. Hawakuwa wajinga hata kidogo: walijua kwamba nyuma ya kipimo kuna karantini, nyuma ya karantini kuna deni, na jirani atakuona unapandishwa gari na watu waliovaa nguo nyeupe kutoka utosini hadi unyayo. Mwezi Mei serikali ilitangaza kwamba gharama za karantini katika vituo vyake itazibeba yenyewe. Ilikuwa habari kubwa kuliko zote za mwezi ule kwa watu wa mitaani. Nendeni mkatafute kwenye kumbukumbu za afisi zenu mabango yaliyosema hivyo. Kwetu nilitafuta. Bango la faini ya barakoa tulilichapa mara tatu. La "hulipi tena" hatukulichapa. Lilisomwa katika taarifa moja ya habari, likapita.

Na mazishi. Katikati ya Aprili nchi nzima iliona picha kutoka Siaya, mtu anazikwa usiku na watu waliovaa mavazi ya kujikinga, mwili unateremshwa kaburini kwa pupa, watu wake wamesimama mbali. Picha ile iliingia kwenye kila simu. Kuanzia siku ile, mtu akisikia homa alikuwa akiogopa kuzikwa vile kuliko kufa kwenyewe. Kulikuwa na utaratibu: idadi ya waombolezaji ilikuwa imewekwa, watu 15. Lakini mtu hataki idadi peke yake. Anataka kujua kama maiti wake atasaliwa. Anataka kujua kama sanda itavishwa, kama mwanawe ataruhusiwa kushuka kaburini, na kama si yeye ni nani. Sisi tulikaa na imamu, na padri, na mzee mmoja wa kaya za Wamijikenda, na bwana afya wa kaunti, meza moja, saa nne nzima, tukaandika kwa lugha ya kawaida nini kinaruhusiwa na nini hakiruhusiwi, na kwa kila kisichoruhusiwa tukaandika badala yake ni nini. Karatasi ile haikuwa na picha wala rangi. Ndiyo karatasi pekee tuliyotoa mwaka ule ambayo watu walikuja afisini kuiomba.

Mniruhusu niseme kidogo kuhusu chai ya mkandaa.

Mnakumbuka usiku ule wa Machi ambapo simu zilianza kulia alfajiri. Mtoto mchanga amezaliwa, akasema: kunyweni chai ya rangi kabla ya jua kuchomoza, ugonjwa hautawapata. Kisha ikasemekana mtoto akafa. Watu waliamka, wakawasha majiko, wakanywa. Wasomi walinywa. Siwacheki. Kwa muda mrefu niliuchukia uvumi ule, kisha siku moja niliukalisha chini nikaupima kama mtu wa matangazo, nikaona umeundwa kwa ustadi kuliko chochote tulichowahi kuandika. Una saa, kabla ya jua kuchomoza. Una kitu cha kufanya, na vifaa vyake vimo katika kila jiko, hata la maskini. Hauna faini. Na anayekuletea ni dadako, ni mama mkwe, ni mtu anayekupigia usiku kwa sababu hataki ufe. Uongo mtupu, lakini umebebwa na mapenzi. Ukweli wetu tuliubeba kwa vitisho.

Jambo la kweli nalo linaweza kuundwa vizuri vilevile. Mwezi uleule, Kuwait, waadhini walibadilisha maneno ndani ya adhana, wakawaambia watu waswali majumbani mwao. Hayakubuniwa na wizara yoyote maneno hayo. Yamo katika hadithi, Ibn Abbas alimwamuru mwadhini wake aseme hivyo siku ya mvua kubwa. Tazameni yalivyokaa. Hayakusema msikiti umefungwa. Swala imebaki palepale, kilichohamishwa ni mahali. Mtu akisikia hivyo anajua la kufanya na hajaachwa mikono mitupu.

Basi tukajaribu kuandika hivyo. Bango letu la kwanza lilisema "dumisheni umbali wa kijamii". Mzee mmoja aliniuliza, kwa uchungu kabisa, "Mnataka tutupane?" Kwake yeye jamii ni jamaa, na kaunti inamwambia ajitenge na jamaa zake. Tukaliondoa. Mhudumu wa afya mmoja, na yumo humu leo ingawa hataki nimtaje, alisema watu wa kwao hawabebi futi mfukoni lakini kila nyumba ina leso. Akaikunjua leso moja, akashika pindo la upande mmoja, akampa jirani yake pindo la upande wa pili, wakaivuta kwa urefu. Akasema: "Kaa naye hapa." Ni mita moja na nusu hivi. Kuanzia siku ile hatukutaja mita tena. Foleni ya maji ilipangwa kwa leso. Nilipita asubuhi moja bombani nikaona watoto wawili wameishika leso ya mama yao wanapima nafasi ya mitungi, wanagombana kwa sababu mmoja anaivuta mno, na nikasimama nikiwatazama hadi wakamaliza foleni nzima.

Na tulifungua daftari. Daftari la kawaida la mistari, moja kila wadi, kwenye afisi ya msimamizi. Kila swali la mwananchi linaandikwa kwa maneno yake mwenyewe, tarehe, na namba ya simu. Kila jioni yanasomwa kwa simu kwangu. Lenye jibu linajibiwa kesho yake kwa sauti ya muuguzi wa zahanati ya wadi ileile, ambaye watu wanamjua, kwenye WhatsApp, chini ya dakika moja, maana barua iliyopigwa picha pamoja na sahihi na muhuri inakula bando na haisomeki kwenye kioo kilichopasuka. Lisilo na jibu nalo linatangazwa: swali lenu hili tumelipokea, jibu bado, tumeliuliza kwa fulani, tutarudi Alhamisi. Wakubwa wangu waliliogopa sana hilo. Walidhani kusema "bado hatujui" kutaleta fujo. Hakukuwa na fujo. Alhamisi watu walikuja kusikiliza.

Muuguzi huyo alikuwa na kazi nyingine ngumu. Jamaa zetu wa Tanga walikuwa wakituma sauti. Tanzania haikuwafungia watu, na baada ya wiki ya kwanza ya Mei takwimu mpya zilikoma kutolewa kwa muda mrefu. Kwa hiyo binamu yako wa Tanga, kwa Kiswahili chako, anakwambia huku tunaenda sokoni na harusini, nyinyi mnafungiwa nini? Dada yako wa Dubai naye anakwambia huko kutoka nje ni kwa kibali. Lugha moja, damu moja, habari tatu. Waziri wa Nairobi hawezi kuliingia hilo. Anayeweza ni mtu wa wadi yako anayeweza kusema: binamu yako hakudanganyi, anasema ya kwao. Ya hapa kwetu wiki hii ni haya, wagonjwa wako wadi ile pale, na mimi nimewaona.

Viziwi tuliwasahau hadi Julai. Gari la vipaza sauti haliwafikii, sauti ya WhatsApp haiwafikii, na barakoa iliwaficha midomo ya watu. Nalisema hili haraka kwa sababu linaniumiza, lakini liandikeni.

Tarehe 7 Julai 2020 njia za kuingia na kutoka kaunti zilizokuwa zimefungwa zilifunguliwa. Kafyu yenyewe ilidumu hadi tarehe 20 Oktoba 2021, Siku ya Mashujaa. Miezi kumi na tisa karibu. Katika daftari la wadi moja, ukurasa wa mwisho, kuna swali la mzee, limeandikwa Novemba 2021: "Mlitwambia ianze. Imekwisha?" Rais alitangaza mwisho wake hadharani na redio zote zikasema. Lakini mzee yule alikuwa akisubiri walewale waliobandika karatasi waje waibandue. Hatukwenda. Hatukuwa na bajeti ya kubandua.

Sasa niitoe. Wiki iliyopita nilipita soko lile dogo. Mama wa viazi karai bado yupo, biashara imekua, sasa ana binti anamsaidia. Ukutani, nyuma ya meza yake, chini ya matangazo ya mechi na ya mganga, ilikuwepo hii. Jua limeila rangi, nyekundu imekuwa waridi, lakini muhuri unaonekana. Saa 7 hadi saa 5. Nilimwomba ruhusa, akanipa kisu cha kumenyea, nikaibandua taratibu isichanike.

Nitaipitisha kuanzia nyuma, kwa wahudumu wa afya. Ukiipokea isome kwa sauti, umwulize aliye karibu nawe amesikia nini, kisha umpe.